Jozi na Kundi: Historia ya Samaki wa Mapambo wa Pwani ya Kigoma

Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika ni samaki wadogo wa kwenye mawe, wanaokamatwa wakiwa hai na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Asia kwenda kufugwa katika matangi ya kioo. Karibu wote ni wa familia ya siklidi, familia ileile ya kuhe, ambaye wakazi wa Kigoma na Ujiji humjua zaidi akiwa sahanini. Biashara hiyo imevuka nusu karne. Imepitia mipaka ya nchi, vita na sheria, lakini mwenendo wake umeamuliwa kwa kiasi kikubwa na namna samaki wenyewe wanavyozaana. Wanaooana kwa jozi waliacha mapema kulitegemea ziwa, kwa sababu wafugaji waliweza kuwazalisha nyumbani. Wanaoishi kwa makundi waliendelea kuvuliwa, na bei yao ikabaki juu.

Ziwa lenyewe lina umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12, urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Ndani yake kuna aina zaidi ya 200 za siklidi, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Pwani yake haifanani kila mahali. Kigoma ina miamba inayoshuka moja kwa moja majini, Ujiji ina mchanga, na kusini mwa Ujiji mto Luiche humwaga tope lake ziwani. Mbele zaidi kuna delta ya Malagarasi. Samaki wa mawe hathubutu kuvuka eneo pana la mchanga au matope, kwani hana pa kujificha wala mwani wa kula. Kwa hiyo kila kipande cha mwamba kimezaa ukoo wake wenye rangi yake. Samaki wa jenasi ya Tropheus peke yao wanahesabiwa kuwa na sura zaidi ya 100, nyingi zikiwa za eneo moja dogo tu.

Elimu ya sayansi kuhusu viumbe hawa ilianza na magamba ya konokono. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858, na konokono aliowaokota Speke walielezwa London mwaka uliofuata. Walifanana mno na konokono wa baharini hata kukawa na wataalamu waliodhani kwamba zamani ziwa liliungana na bahari. J. E. S. Moore alikuja mwaka 1895 kulichunguza jambo hilo. Dhana ya bahari haikudumu, lakini samaki aliorudi nao walifika mezani kwa George Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambaye mwaka 1898 aliwapa majina ya kisayansi Tropheus moorii na Julidochromis ornatus. Baada ya safari ya W. A. Cunnington ya 1904 na 1905, Boulenger alimtaja pia frontosa, samaki mkubwa mwenye nundu kwenye paji la uso na milia myeusi mwilini. Mbelgiji Max Poll alifuata katika msafara wa 1946 na 1947, na mwaka 1956 akatoa kitabu kikubwa kuhusu siklidi wa ziwa hili. Samaki wote hao walichunguzwa wakiwa wafu ndani ya chupa za spiriti. Hesabu ya miiba na magamba yao ilijulikana vizuri, lakini namna wanavyooana na kulea haikujulikana sana.

Biashara ya samaki hai ndiyo iliyoleta maarifa hayo. Mtu anayehusishwa zaidi na mwanzo wake ni Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa amefanya kazi ya kusafirisha samaki kutoka Kongo kabla ya kuhamia Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bujumbura ilimfaa kwa kuwa miamba ya pwani ya Burundi ilikuwa karibu na ndege za shirika la Sabena ziliiunganisha na Brussels. Mwaka 1978 Brichard alichapisha kitabu kuhusu samaki wa Tanganyika, na mwaka 1989 kingine kikubwa zaidi. Alikuwa akizamia mwenyewe, hivyo aliwaeleza samaki kama alivyowaona mahali wanapoishi. Poll alimpa jina la Brichard samaki mdogo wa rangi ya kaki mwenye mapezi yaliyochongoka, Neolamprologus brichardi, ambaye wafugaji wa Ulaya walimwita binti mfalme wa Burundi.

Samaki waliokubali kifungo mapema zaidi ni wale wa jozi. Julidochromis, mwembamba mwenye milia ya urefu, hutafuta ufa kwenye jiwe pamoja na mwenzake, hutaga mayai ndani yake, na wote wawili hulinda. Wafugaji waligundua kwamba kuwaweka dume na jike wasiojuana ndani ya tangi moja mara nyingi humalizika kwa kifo cha mmoja wao. Njia iliyofanikiwa ilikuwa kununua vifaranga sita au wanane, kuwalea pamoja hadi wawili wachaguane wenyewe, kisha kuwaondoa waliobaki kabla hawajauawa. Jozi iliyoafikiana hutaga mara kwa mara katika ufa uleule. Samaki wa manjano kama limau, Neolamprologus leleupi, naye huzalishwa kwa utaratibu huohuo.

N. brichardi alionyesha mpango wenye washiriki wengi zaidi. Jozi moja hutawala, lakini vifaranga wa uzao wa kwanza hawaondoki wazazi wanapotaga tena. Hubaki wakisafisha mayai ya wadogo zao, wakitoa mchanga shimoni na kuwafukuza maadui. Mwaka 1981 Michael Taborsky na Dominique Limberger walichapisha utafiti juu ya wasaidizi hao, na tangu hapo samaki huyu na nduguye N. pulcher wamekuwa mfano unaotumika katika vyuo vikuu kufundishia malezi ya ushirika miongoni mwa wanyama. Msaidizi hulipia nafasi yake kwa kazi, na asiyefanya kazi anaweza kufukuzwa. Kwa mfugaji matokeo ni kwamba jozi moja inaweza kulijaza tangi kwa vizazi vitatu au vinne vinavyoishi pamoja.

Kundi lingine huishi ndani ya magamba matupu ya konokono Neothauma, yanayorundikana kwenye sakafu ya ziwa. Lamprologus callipterus dume huyakusanya kwa mdomo na kuyalinda, na majike huingia humo kutaga. Dume anaweza kuwa na uzito zaidi ya mara 12 ya ule wa jike, kwa sababu yeye lazima aweze kulibeba gamba na jike lazima aenee ndani yake. Aina ndogo zaidi huishi kwa makoloni, kila mmoja na gamba lake. Wafugaji wa Ulaya waliwapa magamba ya konokono wanaoliwa mikahawani Ufaransa, na samaki wakayakubali.

Tropheus walikuwa suala jingine kabisa. Dume na jike hufanana kwa sura, hawafungi ndoa ya kudumu, na jike huatamia mayai mdomoni kwa takriban wiki nne. Mayai ni makubwa lakini machache, mara nyingi hayafiki 20, na mama hulisha watoto wakiwa bado mdomoni mwake. Wafugaji wa mwanzo waliwaweka wawili wawili kama walivyozoea kwa Julidochromis, na mwenye nguvu akamuua mnyonge. Baada ya hasara nyingi ilieleweka kwamba Tropheus wanahitaji kundi, kwa kawaida samaki 12 au zaidi, ili ugomvi wa wababe ugawanyike kwa wengi na mmoja asielemewe. Wanahitaji pia chakula cha mwani, kwani nyama nyingi huwaletea ugonjwa wa kuvimba tumbo unaoweza kuliangamiza kundi zima. Frontosa naye huishi kwa kundi, dume mmoja akiwa na majike kadhaa, na huchukua miaka mitatu au zaidi kukomaa.

Tofauti hizi ziliigawa biashara. Mtu mwenye jozi moja ya Julidochromis aliweza kuwauzia majirani zake vifaranga, na kadiri vyama vya wafugaji vilivyoenea, kama kile cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1967, samaki wa aina hiyo walipatikana kwa bei nafuu bila kuagizwa Afrika. Kundi la Tropheus lilihitaji tangi kubwa, mtaji na uvumilivu, na kila jike alitoa watoto wachache. Ndiyo maana wavuvi wa samaki hai walielekeza nguvu kwa Tropheus, frontosa na sura mpya ambazo hazijafika sokoni.

Utafutaji wa sura mpya ndio uliolifanya soko liigeukie pwani ya Tanzania. Hadi katikati ya miaka ya 1980 samaki wengi waliofika Ulaya walitoka Burundi na Zambia, huku Tanzania, yenye sehemu ndefu ya pwani ya mashariki, ikijulikana kidogo kwa wafugaji. Biashara ilipolegezwa nchini, wazamiaji walianza kuitembea pwani hiyo kijiji kwa kijiji. Majina ya vijiji ambavyo abiria wa meli ya Liemba walivijua kwa vituo vyake yakawa majina ya samaki: Ikola, Kipili, Kasanga. Frontosa wa Kigoma alitambuliwa kwa milia saba badala ya sita ya wenzake. Tropheus duboisi wa Maswa, kusini mwa Kigoma, akatafutwa kwa mshipi wake mpana wa manjano. Mfugaji makini wa Ujerumani au Japani alianza kuuliza samaki ametoka mwamba gani, kwa kuwa sura mbili zikichanganywa katika tangi moja huzaa machotara wasio na thamani sokoni wala katika utafiti.

Uvuvi wenyewe hauna ndoana. Wazamiaji wawili au watatu hutandaza wavu mwembamba pembeni mwa jiwe, huwaswaga samaki kuuelekea, kisha huwachomoa kwa mkono mmoja mmoja. Frontosa, anayeishi kina cha makumi ya mita, hupandishwa kwa hatua ndani ya kizimba kwa siku kadhaa. Akitolewa ghafla, hewa iliyo tumboni hutanuka na kumuua. Wakifika nchi kavu samaki hukaa katika mabwawa ya kupumzishia na hunyimwa chakula kabla ya safari ili wasichafue maji. Kisha hufungwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, na mifuko hupangwa katika maboksi yasiyopitisha joto.

Kando ya samaki hai kuna dagaa wa chakula, na mizigo hiyo miwili huondoka Kigoma kwa njia tofauti. Dagaa mkavu huenda kwa reli iliyofika mjini mwaka 1914, au kwa malori yanayopita Kidahwe, njia panda ambako barabara ya kwenda Kasulu huachana na ile ya Uvinza. Dagaa huvumilia siku nyingi za safari. Samaki hai hana siku hizo, kwa hiyo huanzia uwanja wa ndege, hupitia Dar es Salaam na kuendelea ng'ambo. Dagaa huajiri maelfu ya wavuvi, waanikaji na wachuuzi. Samaki wa mapambo huajiri wazamiaji wachache wenye ujuzi maalumu, na mtaji wake uko mikononi mwa wenye leseni na wateja nje ya nchi.

Siasa za ukanda ziliigusa biashara hii moja kwa moja. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, kisha vile vya Kongo kuanzia 1996, viliifanya kazi ya kuzamia kaskazini na magharibi mwa ziwa kuwa ya hatari, na pwani ya Tanzania ikapata uzito zaidi. Usimamizi nao uliimarika. Hifadhi ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, inalinda pia ukanda wa ziwa wenye upana wa kilomita 1.6, ambamo samaki wa mawe hawavuliwi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 iliweka masharti ya leseni za uvuvi na usafirishaji. Mwaka huohuo nchi nne za ziwa zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa pamoja wa kulisimamia.

Hatari kwa samaki hawa ni za aina mbili. Ya kwanza ni uvuvi wenyewe: ukoo unaoishi katika mwamba mmoja tu unaweza kupungua haraka ukikamatwa bila kiasi, na T. duboisi ametajwa kimataifa kuwa katika hali ya hatari. Ya pili hutoka nchi kavu. Utafiti wa Andrew Cohen na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba sehemu za pwani zinazopokea udongo mwingi kutokana na ukataji miti zina aina chache za samaki kuliko sehemu safi, kwa kuwa tope hufunika mwani na kuziba nyufa. Mradi wa TACARE, ulioanza mwaka 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe, ulihimiza upandaji miti na kilimo kinachotunza udongo, na hivyo unahusu pia uhai wa miamba ya ziwa.

Ufugaji katika matangi umepunguza mzigo kwa aina za jozi na, kwa kiasi kidogo, kwa aina za makundi, ambazo siku hizi nazo huzalishwa kwa wingi katika mashamba ya Ulaya na Asia. Hata hivyo samaki wa tangini hawezi kuchukua nafasi ya yule wa mwambani. Vizazi vingi vya ndugu kwa ndugu hufifisha rangi na nguvu, kumbukumbu za asili hupotea, na koo za miamba tofauti huchanganyika. Kwa sababu hiyo wafugaji huendelea kuhitaji damu mpya kutoka ziwani, na thamani ya biashara nzima hutegemea miamba ya Kigoma kubaki na samaki wake.