Wagonjwa Waliowafundisha Madaktari

Ninapowafundisha wauguzi habari za damu ya ubongo, sianzi na maprofesa. Naanza na Michele Bertino, mkulima wa Italia.

Mwaka 1877 tofali lilimwangukia Bertino kichwani likamvunja fuvu. Jeraha lilipopona, palibaki pengo, na ngozi iliyolifunika ikawa inadunda kama utosi wa mtoto mchanga. Angelo Mosso, mwanafiziolojia wa Turin, akaweka hapo kifaa cha kuchora mapigo, na kingine mkononi ili alinganishe. Kengele za kanisa zikalia adhuhuri. Mchoro wa ubongo ukapanda, wa mkono ukatulia vilevile. Mosso akamuuliza kama alikuwa amekumbuka kusali Salamu Maria, ukapanda tena. Akamwambia azidishe 8 kwa 12; ukapanda.

Hilo halikuwa jambo dogo. Tangu enzi za Monro na Kellie, madaktari wa Edinburgh, wengi waliamini kuwa fuvu ni sanduku lililofungwa, na damu iliyomo haiongezeki wala haipungui. Mwaka 1890, Roy na Sherrington wa Cambridge walieleza kwamba ubongo wenyewe huongeza damu mahali panapofanya kazi. Miaka sita baadaye Leonard Hill akalipinga wazo hilo, na kwa kuwa alikuwa na jina kubwa, likakaa pembeni kwa miongo.

Aliyelifufua ni mgonjwa mwingine. Mwaka 1928 John Fulton, huko Boston, aliandika habari za baharia aliyekuwa na fundo la mishipa ya damu kisogoni. Baharia mwenyewe ndiye aliyesema kuwa mvumo wa kichwani huzidi anapotumia macho. Fulton akasikiliza: mtu akisoma, mvumo unapanda, akinusa tumbaku, haubadiliki.

Mwaka 1959 Niels Lassen wa Copenhagen alionyesha kuwa shinikizo la damu likishuka au likipanda kwa kiasi, mishipa ya ubongo hutanuka au kujibana, na damu inayopita haibadiliki sana. Kwa mwenye presha ya miaka mingi, mizani hiyo imehamia juu. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi: mgonjwa wa kiharusi asishushwe presha ghafla bila agizo la daktari, ubongo wake usije ukakosa damu.

Na akisema kitu kuhusu kichwa chake, msikilizeni na muandike. Baharia yule alisikilizwa, na elimu ikasonga mbele.