Bonde la Alaknanda na Gharika Zake

Kaskazini ya Uhindi, mahali milima ya Himalaya ipakanapo na Tibeti, iko wilaya iitwayo Chamoli. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Garhwal. Mwaka 1960 ikatengwa kuwa wilaya peke yake, na tangu mwaka 2000 imo katika jimbo la Uttarakhand. Nchi yenyewe ni milima mitupu na mabonde membamba yenye kina kirefu. Juu ya yote husimama Nanda Devi, mlima wa futi 25,643, ambao wenyeji humwita mungu wao wa kike na mlinzi wa nchi. Chini ya theluji ni majani ya malisho, chini ya majani ni misitu, na chini ya misitu ni mashamba, yaliyokatwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, kila moja likizuiwa na ukuta mdogo wa mawe. Hulimwa humo ngano, mpunga, na ule ulezi tuujuao sana, ambao wao huuita mandua.

Mto mkubwa wa nchi hii ni Alaknanda. Hutoka katika barafu juu ya Badrinath, penye hekalu la Wahindu ambalo theluji hulifunga yapata miezi sita kila mwaka. Ukiteremka hupokea mito mingine mmoja mmoja, na mahali mito miwili ikutanapo huitwa prayag, nako huhesabiwa kuwa patakatifu. Prayag zilizo kuu ni 5. Katika ile ya mwisho, Devprayag, Alaknanda hukutana na Bhagirathi, na kuanzia hapo mto huitwa Ganga. Mamilioni ya watu wa nyanda za chini hunywa maji yake, wala hawajui jina la kijiji kimoja cha huko yatokako.

Watu wa huko wengi ni Wagarhwali, wakulima wa Kihindu. Kwa kuwa ardhi ni haba, wanaume wengi hutoka kwenda kutafuta kazi nyandani au kuandikwa askari. Wanawake hubaki na jembe, mifugo, kuni na majani ya ng'ombe. Neno hili msomaji alishike, maana tutaliona tena. Juu zaidi, katika mabonde ya Niti na Mana, wako Wabhotia. Hao zamani walikuwa wachuuzi. Wakati wa joto walipakia nafaka na nguo juu ya migongo ya kondoo na mbuzi, kila mnyama na mifuko yake midogo, wakavuka mpaka kuingia Tibeti kwa njia za juu sana, ile ya Mana ikipita futi 18,000, wakarudi na chumvi na sufu. Wakati wa baridi walihama na jamaa zao zote kwenda vijiji vya chini. Vita vya Uhindi na China vya mwaka 1962 vilifunga mpaka, na biashara hiyo ya tangu kale ikakatika mara moja.

Nchi hii ilitawaliwa na wafalme wake waliokaa Srinagar, mji ulio kando ya Alaknanda chini ya mabonde hayo (si ule Srinagar wa Kashmir). Mwaka 1803 tetemeko kubwa la ardhi liliuvunja mji, na Wagurkha wa Nepali wakaitwaa nchi iliyokwisha kudhoofika. Mfalme Pradyumna Shah akauawa vitani mwaka 1804. Waingereza waliwafukuza Wagurkha mwaka 1815, wakajitwalia nusu ya mashariki, na nusu ya magharibi wakamrudishia mwana wa mfalme.

Lakini adui mkubwa wa watu wa bonde hili ni mlima wenyewe. Mwezi wa Septemba 1893, karibu na kijiji cha Gohna, ubavu mzima wa mlima uliporomoka ukaanguka katika kijito cha Birehi, kinachoingia Alaknanda. Mawe na udongo vikafanya boma lenye kimo cha futi 900 hivi, na nyuma yake maji yakaanza kujikusanya kuwa ziwa. Injinia wa serikali aliyeitwa Pulford alikwenda kupima. Akaona ya kuwa boma hilo haliwezi kuondolewa wala kutobolewa. Kazi ni kungoja maji yafike juu, na kuwaondoa watu kabla ya siku hiyo. Ikahesabiwa kwamba yatafika mwezi wa Agosti wa mwaka wa pili.

Basi walifanya kazi ya busara. Waya wa simu ulitandazwa kutoka Hardwar, mahali mto utokapo milimani, mpaka ziwani penyewe. Afisa kijana, Luteni Crookshank, akawekwa pale kuyaangalia maji. Nguzo za mawe zilijengwa kando za bonde kuonyesha mpaka wa hatari, kila mtu ajue apande hadi wapi. Madaraja ya kuning'inia yakafunguliwa na kuwekwa mahali pa usalama.

Tarehe 25 Agosti 1894 asubuhi maji yakaanza kupita juu ya boma. Karibu na usiku wa manane boma likapasuka kwa kishindo. Kabla ya mapambazuko ziwa lilikuwa limeshuka futi 390, na maji hayo yote yalikwisha kupita bondeni. Srinagar yote ilifagiliwa pamoja na jumba la wafalme wake wa kale. Na watu waliokufa? Watano tu: fakiri mmoja na jamaa zake, waliokuwa wameondolewa kwa nguvu chini ya boma, wakarudi kwa siri. Mji mpya ulijengwa mahali palipoinuka zaidi.

Mabaki ya ziwa yalidumu hata Julai 1970, mwaka wa gharika nyingine kubwa iliyochukua kituo cha Belakuchi pamoja na mabasi yake. Safari hii wanavijiji waliuliza sababu, wakajijibu wenyewe: milima imenyolewa. Misitu ilikuwa ikiuzwa na serikali kwa wafanya biashara wa mbali, na mizizi iliyoshika udongo ilikuwa imekwisha. Kuanzia mwaka 1973 wakaanza kuwazuia wakata miti. Njia yao waliiita Chipko, maana yake kukumbatia.

Mwezi wa Machi 1974 wakataji walifika Reni, kijiji cha Wabhotia, siku wanaume walipokuwa wameitwa mjini kupokea fidia ya mashamba yao yaliyotwaliwa baada ya vita vya 1962. Pengine wakataji walidhani kijiji hakina mtu. Msichana mmoja aliwaona, akampasha habari Gaura Devi, mjane aliyekuwa mkuu wa chama cha wanawake. Naye akatoka na wanawake na wasichana 27, wakasimama mbele ya miti wakakesha hapo, wasiogope matusi wala bunduki. Wakataji wakaondoka. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza, kisha ikakataza kukata miti ya sehemu ile kwa miaka 10.

Misitu ya Reni ilipona, lakini juu ya misitu kuna barafu. Tarehe 7 Februari 2021, saa nne asubuhi hivi, pande kubwa la mwamba na barafu lilianguka kutoka mlima Ronti juu ya kijiji. Mto Rishiganga ukajaa matope na mawe, ukabomoa mitambo ya umeme iliyojengwa bondeni, na watu zaidi ya 200 walikufa au kupotea, wengi wao wafanyakazi waliokuwa kazini. Safari hii haukuwako waya wa simu, wala nguzo za mawe, wala luteni wa kuangalia.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule ardhi ya Reni ilikuwa ikimomonyoka, ikabidi sanamu ya Gaura Devi iondolewe na kupelekwa Joshimath. Na Januari 2023 kuta za nyumba zaidi ya 800 za Joshimath zilipasuka kwa kuwa mji ulikuwa unadidimia, nao wenye nyumba wakahamishwa katikati ya baridi.