Stadi za Akili katika The Sims

Stadi za akili katika The Sims ni ule uwezo wa kufikiri, kupambanua na kutambua mambo ambao mhusika wa mchezo huo wa kompyuta, mchezo unaoigiza maisha ya nyumbani ya watu wa kawaida, huupata kidogo kidogo kwa kudurusu na kufanya mazoezi chini ya uangalizi wa mchezaji. Mchezo wenyewe ulibuniwa na Will Wright wa Marekani, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Maxis, ukatolewa na Electronic Arts tarehe 4 Februari 2000, kisha ukafuatwa na toleo la pili mwaka 2004, la tatu mwaka 2009 na la nne mwaka 2014. Wahusika wake huitwa Sim. Humo hakuna Sim azaliwaye mjuzi: kila mmoja huanza patupu, na kila hatua ya maarifa anayoipanda ina gharama yake ya saa, ya usingizi na ya chakula.

Kanuni hii ina asili yake. Mwezi Oktoba 1991 moto mkubwa uliteketeza vitongoji vya Oakland, California, na nyumba ya Wright ikawa miongoni mwa zilizoungua. Naye, akiwa katika shughuli ya kuyaanza upya maisha yake na kununua tena vyombo kimoja baada ya kimoja, akaingiwa na fikra juu ya vitu ambavyo mwanadamu anavihitaji kwa dhati na vile anavyojikusanyia tu. Wazo lake la kwanza juu ya The Sims lilikuwa mchezo wa usanifu wa majengo, ambamo wakazi wangekuwa mahakimu wa nyumba waliyojengewa, na katika jambo hilo alimfuata Christopher Alexander, msanifu aliyechapisha A Pattern Language mwaka 1977. Juu ya nafsi ya mkazi alimtazama Abraham Maslow, mwanasaikolojia ambaye katika makala yake ya mwaka 1943 aliyapanga mahitaji ya binadamu kwa daraja, yaani njaa na usalama kwanza, heshima na utimilifu wa nafsi baadaye. Ndiyo sababu katika toleo la kwanza Sim ana mahitaji manane yanayopanda na kushuka mchana kutwa, miongoni mwake njaa, usafi, nguvu, furaha na ushirika wa watu, na mahitaji hayo yakishuka mno hata moyo wake ukafadhaika, mchezaji akimwamuru kwenda kusoma, yeye hukataa.

Kukataa huko, kwa maoni yangu, ndiko kiini cha mchezo mzima. Mchezaji mgeni, kwa shauku ya kumwona mtu wake akipanda cheo, humkalisha mbele ya ubao wa sataranji usiku kucha, na asubuhi humkuta kachoka, kachafuka, ana njaa, hana rafiki, na hawezi tena kujifunza lolote. Ilhali mchezaji mzoefu huanza kwa kutengeneza kitanda kizuri, jiko jema na bafu lililo karibu, akaiangaza sebule kwa taa na kuipamba, kwa kuwa hali ya chumba nayo huhesabiwa katika furaha ya mkazi, ndipo akaleta ubao. Kwa kuwa dakika moja ya Sim hupita kwa sekunde moja ya saa yetu, siku nzima humalizika kwa dakika 24, na ubadhirifu wa wakati huonekana papo hapo. Sijui mchezo mwingine uliowaonyesha vijana wengi kiasi hiki, bila hotuba, kwamba mwanafunzi mwenye njaa hafundishiki.

Toleo la kwanza lina stadi sita, nazo ni upishi, ufundi, haiba, nguvu za mwili, mantiki na ubunifu, kila moja ikipimwa kwa alama kumi. Upishi na ufundi husomwa katika vitabu vya kabati, haiba hufanyiwa mazoezi mbele ya kioo, ubunifu hukuzwa kwa piano na kwa uchoraji. Mantiki, ambayo ndiyo stadi ya akili hasa, hupatikana kwa sataranji. Msomaji aliyelelewa karibu na baraza la bao hataona ajabu kwamba ubao ulichaguliwa kuwa shule ya fikra. Anayeshika kazi ya sayansi huhitaji mantiki ili apandishwe cheo, lakini mchezo humdai marafiki pia, wala ujuzi peke yake haumfikishi juu.

Toleo la pili liliongeza stadi ya usafi, zikawa saba, na likaleta jambo kubwa zaidi, nalo ni umri. Katika toleo la kwanza mtoto hubaki mtoto daima. Katika la pili huanza akiwa mchanga, akatambaa, akaenda shule, akabaleghe, akazeeka, na kwa hiyo swali la nani alimfundisha nini, na lini, likapata uzito lisiokuwa nao mwanzo. Toleo la tatu liliendeleza fikra hiyo kwa kumpa mtoto mdogo sanduku la vigingi, ambalo kwa kulichezea hujiwekea akiba ya mantiki kabla hajaanza kusoma.

Toleo la nne ndilo lililoipanga elimu ya utotoni kwa utaratibu mpana kuliko yote, ijapokuwa lilipotolewa mwaka 2014 halikuwa na watoto wadogo kabisa, na wapenzi wa mchezo walilalamikia upungufu huo mpaka watoto hao walipoongezwa Januari 2017. Mtoto mdogo ana stadi ya kufikiri yenye daraja tano, ambayo mzazi humkuzia kwa kumwonyesha kadi za kufundishia. Akizifikisha stadi zake zote ukomo, hujaliwa sifa ya kudumu inayomrahisishia kujifunza maishani. Akifika umri wa shule, stadi zake huwa nne, yaani za akili, za ubunifu, za viungo na za maingiliano na watu, kila moja na daraja kumi. Ile ya akili hukuzwa kwa sataranji na kwa meza ndogo ya kemia, na mtoto aliyeifanya kuwa matilaba ya utoto wake na kuikamilisha hutunukiwa sifa inayoharakisha stadi za akili atakapokuwa mkubwa. Anayeipoteza fursa hiyo hafungiwi mlango, ila njia yake huwa ndefu zaidi. Naona hukumu hii ni ya haki, kwa kuwa inamtukuza mlezi pasipo kumkatia tamaa aliyekosa mlezi.

Katika toleo hilihili hisia zimepewa nafasi yake mahsusi. Mantiki na uandishi wa programu huenda mbio zaidi Sim anapokuwa katika hali ya kuzamisha fikra, ambayo aweza kuipata kwa kusoma ensaiklopidia kwenye kompyuta, au kwa kuketi tu mbele ya ubao wa sataranji akizitafakari hatua pasipo mshindani; uchoraji nao hutaka moyo wenye ilhamu. Hulka ya ufahamu mkali aliyochaguliwa mtu tangu kuumbwa humjia kwa njia hiyo pia: humtia katika hali ya kuzamisha fikra mara nyingi zaidi, lakini haimpi hata daraja moja la bure. Mantiki ya mtu mzima, ambayo hukuzwa pia kwa darubini na hadubini, ndiyo nguzo ya kazi ya ujasusi, ikishirikiana na haiba. Na aliyefika daraja la kumi aweza kumwongoza mwenziwe anayeanza, kiasi kwamba katika nyumba iliyokaa vizazi kadhaa babu huwa mwalimu wa wajukuu.

Kasoro zipo. Akili ya Sim hujaa kama mtungi, alama juu ya alama, na iliyoingia haitoki tena: aliyefika ukomo wa mantiki aweza kukaa miaka asiuguse ubao, na ustadi wake usichuje. Kosa halina thamani yoyote ya mafunzo, kwa kuwa anayeshindwa sataranji huongeza ujuzi sawasawa na anayeshinda, hata asipoonyesha kutambua alipoteleza. Busara, ile hikima ya kujua wakati wa kunena na wakati wa kunyamaza, haina mstari wake wa kupimia, na mchezaji anayetaka mtu wake awe nayo hana budi kumwamulia mwenyewe, saa kwa saa, katika kila neno analomchagulia kulisema.