Ifahamu LINAC: Mashine Iliyotoka Maabara za Fizikia Kutibu Saratani

Daktari anapomweleza mgonjwa wa saratani kwamba atapatiwa tiba mionzi, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Je, nitarudi nyumbani nikiwa na mionzi mwilini? Je, nitaruhusiwa kumbeba mtoto wangu? Je, nikipata nafuu kabla ya kumaliza, naweza kuacha? Majibu ya maswali hayo yanatokana na namna mashine inayotoa tiba hiyo inavyofanya kazi. Makala haya yanaeleza asili ya mashine ya LINAC, kazi yake katika sayansi ya fizikia na katika matibabu, pamoja na mambo ambayo mgonjwa na familia yake wanapaswa kuyazingatia.

Mashine hii ni nini

LINAC ni mtambo unaoongeza kasi ya chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, kama vile elektroni na protoni, zikisafiri katika mrija mnyoofu uliotolewa hewa. Ndani ya mrija kuna sehemu zilizopangwa kwa mstari, na katika kila sehemu chembe husukumwa na nguvu ya umeme inayobadilika mwelekeo kwa wakati uliopimwa barabara. Hali hiyo yafanana na kumsukuma mtoto kwenye pembea. Anayesukuma hahitaji kutumia nguvu zote kwa mkupuo mmoja. Husukuma kidogo kila pembea inaporudi, na misukumo midogo ikijumlishwa huzaa mwendo mkubwa.

Wazo hilo lilitolewa mwaka 1924 na mwanafizikia wa Sweden, Gustav Ising. Mwaka 1928, mhandisi kutoka Norway, Rolf Widerøe, alilithibitisha kwa vitendo mjini Aachen, Ujerumani. Alitumia umeme wa volti 25,000 mara mbili mfululizo, na chembe zikapata nishati ambayo kwa kawaida ingehitaji volti 50,000. Ikadhihirika kwamba umeme wa kiasi, ukirudiwa mara nyingi, unaweza kufanya kazi ya umeme mkubwa mno ambao ni vigumu kuudhibiti.

Maendeleo makubwa yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vifaa vya kuzalisha mawimbi mafupi ya redio yenye nguvu, vilivyotumika katika rada, viliwapa wanasayansi nyenzo ya kusukuma elektroni kwa ufanisi. Mwaka 1947, William Hansen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliendesha mashine yao ya kwanza ya aina hiyo.

Kazi yake katika fizikia

Mashine kubwa za LINAC hutumika kuchunguza vitu ambavyo hakuna darubini ya kawaida inayoweza kuvionyesha. Mfano mashuhuri ni mtambo wa Stanford wenye urefu wa takribani kilomita 3.2, ulioanza kazi mwaka 1966. Wanasayansi walirusha elektroni zenye nishati kubwa kwenye protoni na kupima namna zilivyotawanyika. Matokeo yaliyopatikana kuanzia mwaka 1968 yalionesha kuwa ndani ya protoni kuna chembe ndogo zaidi, ziitwazo kwaki. Kwa kazi hiyo, Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1990.

Katika kituo cha utafiti cha CERN, kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mtambo uitwao Linac4 wenye urefu wa takribani mita 86 ndio mwanzo wa safari ya protoni zinazoelekea kwenye mzingo mkubwa wa kilomita 27.

Kutoka maabara hadi hospitali

Mwaka 1953, Hospitali ya Hammersmith mjini London ilianza kuwatibu wagonjwa wa saratani kwa kutumia LINAC. Miaka mitatu baadaye, timu ya Daktari Henry Kaplan na mwanafizikia Edward Ginzton wa Stanford ilimtibu mtoto mdogo aliyekuwa na saratani ya jicho.

Mashine ya hospitali ni fupi sana ikilinganishwa na ile ya utafiti. Elektroni zilizoongezewa kasi hugonga kipande cha metali, mara nyingi tungsteni, na hapo hutoka eksirei zenye nguvu kubwa kuliko zile za kupiga picha ya kifua. Eksirei hizo huchujwa na kuelekezwa kupitia vipande vyembamba vya metali vinavyosogea ili kufuata umbo la uvimbe. Mkono wa mashine humzunguka mgonjwa aliyelala kitandani, hivyo mionzi hupita pande mbalimbali na kukutana penye uvimbe. Kwa njia hiyo uvimbe hupata dozi kubwa, huku viungo vya jirani vikipata dozi ndogo.

Mionzi huharibu vinasaba vya seli. Seli nyingi zenye afya zina uwezo mzuri zaidi wa kujirekebisha kuliko seli za saratani. Hiyo ndiyo sababu tiba hugawanywa katika dozi ndogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Hapa nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ilianza kutoa huduma kwa LINAC mwaka 2018. Awali ilitegemea mashine zinazotumia madini ya kobalti-60. Madini hayo hutoa mionzi muda wote na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya takribani miaka 5 na miezi 3, hivyo muda wa kumtibu kila mgonjwa huongezeka kadiri chanzo kinavyochakaa. LINAC haina chanzo cha namna hiyo. Mionzi yake huzalishwa kwa umeme, na mashine ikizimwa, mionzi hukoma.

Usalama

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayetibiwa kwa LINAC habaki na mionzi mwilini. Anaweza kula na familia yake, kulala na mwenzi wake na kumbeba mtoto bila kumdhuru mtu. Zipo tiba nyingine, kama ile ya kunywa ayodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo, ambazo zina masharti yake, na mgonjwa hupewa maelekezo mahususi.

Hata hivyo, mashine yenye nguvu kiasi hiki haitakiwi kufanyiwa uzembe. Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada walipata dozi kubwa kupita kiasi kutoka kwa mashine aina ya Therac-25, kutokana na kasoro za programu ya kompyuta na ukosefu wa vizuizi huru vya usalama. Baadhi yao walipoteza maisha. Tukio hilo ni funzo linaloeleza kwa nini mashine hupimwa na wafizikia tiba kabla ya kutumika, kwa nini chumba cha tiba hujengwa kwa kuta nene za zege, na kwa nini Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hudhibiti na kukagua matumizi ya mionzi nchini.

Kwa nini ratiba isikatizwe

Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba mionzi nchini Uganda iliharibika. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi kutibiwa, na mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Tukio hilo linaonesha kuwa kununua mashine ni hatua moja tu. Umeme wa uhakika, matengenezo, wahandisi, wafizikia tiba na mashine ya akiba ni sehemu ya tiba yenyewe.

Sehemu nyingine iko mikononi mwa mgonjwa. Tiba inaposimama, seli za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuongezeka. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, wataalamu wanasisitiza kuwa tiba mionzi yote ikamilike ndani ya wiki 8. Kupungua kwa maumivu au kukoma kwa damu si ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha.

Wananchi wanashauriwa kufika mapema katika vituo vya kutolea huduma za afya wanapoona dalili zisizo za kawaida. Aliyeanza tiba asiache bila kumwona daktari wake. Iwapo nauli, malazi au madhara ya tiba, kama vile uchovu na vidonda vya ngozi, yanamzuia kuhudhuria, awaeleze wahudumu siku hiyo hiyo ili atafutiwe msaada. Familia nazo zina wajibu wa kumsindikiza mgonjwa hadi siku ya mwisho ya ratiba yake.