Maasi ya Januari 1964 na Suala la Majeshi ya Kigeni Afrika Mashariki

Januari 1964, askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi, wakidai hasa nyongeza ya mishahara. Serikali zote tatu, zikiwa bado changa, ziliomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Njia zao zilitofautiana baadaye. Nyerere alikiri hadharani kwamba ombi hilo lilikuwa fedheha kwa taifa, akalifikisha mbele ya mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliokutana Dar es Salaam mwezi Februari. Kikosi cha Nigeria kikachukua nafasi ya Waingereza, na Septemba likaundwa Jeshi la Wananchi. Kenya ilidumisha ushirikiano wa kijeshi na Uingereza. Tukio hilo laonyesha kuwa ombi la msaada, likijadiliwa waziwazi na majirani, huwekewa pia ukomo.