Nzi Asiyezama

Wavuvi wanaoulisha mji wa Juba, kuanzia Hai Cinema hadi ng'ambo ya mto, wanaijua Nile kwa nyavu, mitumbwi na ndoana yenye chambo kinachonuka. Nzi mkavu, chambo bandia cha manyoya kinachoelea juu ya maji, ni ufundi wa maji mengine, maji ya baridi yaendayo kasi juu ya mawe. Katika Afrika Mashariki, makao yake ni milima ya Kenya.

Samaki anayevuliwa kwa nzi huyo, trauti, alikuja kwa meli. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa Loch Leven, Uskoti, nao wakapandwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mwaka 1948 kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa ili kuwazalisha.

Kanuni za ufundi zilikuwa zimeshaandikwa Uingereza. Frederic Halford alitoa mwaka 1886 kitabu kizima kuhusu nzi wanaoelea, akishikilia kwamba nzi lazima afanane na mdudu aliyeko mtoni saa ileile. Marekani, mwaka 1922, Leonard Halladay wa Michigan alifunga nzi wa kijivu anayeitwa Adams. Huyu hafanani na mdudu mmoja mahususi, na trauti humpenda hadi leo.

Majina hayo yako vitabuni. Wakenya, wengi wao wanawake, ambao kwa miongo mingi wamefunga nzi wa kuuzwa Ulaya na Marekani, ni nadra kutajwa humo. Mvuvi wa Uskoti leo anaweza kumrushia trauti wa mtoni kwake nzi aliyefungwa Kenya, asijue. Kwangu hilo ni pengo la historia, maana mfungaji wa kazini amemfunga nzi yuleyule mara elfu, akaijua kila kasoro yake.

Tazama kazi yenyewe. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa dogo, kisha uzi uliopakwa nta huzungushwa juu ya mti wake. Mkia huja kwanza, urefu wake sawa na mti wa ndoana. Mwili hufuata, mwembamba, wa sufi ya manyoya iliyosokotwa kwenye uzi. Kisha unyoya wa shingo ya jogoo, ule mgumu unaong'aa, huzungushwa hadi nyuzi zake zisimame pande zote kama miiba ya nungunungu. Hizo ndizo miguu ya mdudu, na ndizo zinazomkalisha juu ya ngozi ya maji bila kuipasua. Nyuzi ndefu kupita kiasi humpindua nzi. Zile laini hunywa maji, nzi akazama.

Kasoro ya mwanafunzi ni ileile popote: uzi mwingi mno. Anaogopa kazi itafumuka, anaongeza mizunguko, na anapofika kichwani hana tena nafasi. Tundu la kupitishia mshipi limezibwa. Dawa yake ni kuacha nafasi wazi nyuma ya tundu tangu mzunguko wa kwanza, na kukaza kila mzunguko badala ya kuuongezea mwingine.

Akimaliza, mfungaji humdondosha nzi mezani. Aliyefungwa vizuri hutua wima, akisimama kwa ncha za manyoya na mkia, na ncha ya ndoana haigusi mbao.