Uzi Ulioshika Hesabu ya Soko

Kila mwaka tarehe 26 Aprili inapita kimya hapa Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Siku hiyo, mwaka 1858, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika kwa mitumbwi kutoka Ujiji wakiulizia mto Rusizi, wakaambiwa kwamba mto huo unaingia ziwani, hautoki. Vitabu vimeukumbuka mto. Shanga zilizowalipia njia zimesahauliwa, na uzi wake ndio kabisa.

Burton aliiona Uvira kama ghala kubwa la kaskazini: nafaka, pembe, vyuma, nguo za magome na, kwa uchungu wetu, watumwa. Shanga zilihesabiwa kwa khete, yaani utungo wenye urefu wa kidole gumba hadi kiwiko, mara mbili. Khete 10 ziliitwa fundo. Mwenyewe aliandika kwamba mauzo yalitegemea sana jinsi utungo ulivyonyooka na kupendeza macho. Kwa hiyo mtungaji ndiye aliyetengeneza pesa, na ninashangaa hatumtaji popote.

Mwaka 1874 mpelelezi mwingine Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alikuta sokoni Ujiji ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko likianza, watu wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi. Soko likifungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Faida mara mbili kwa siku moja! Wanaokaa leo Uvira na mabunda ya franka za Kongo, franka za Burundi na dola wanafanya kazi ileile, ila bunda lao limefungwa kwa mpira.

Baadaye zikaja rupia, kisha franka, na shanga zikarudi shingoni na kiunoni.

Uzi wa kuzitungia nao ulibadilika: nailoni ilibuniwa Marekani mwaka 1935. Ziwani tumeizoea kwenye nyavu za kuvulia samaki. Kwa mtungaji ni baraka: tundu la ushanga wa kioo lenye ncha kali hukata uzi wa pamba haraka, nailoni huvumilia, wala jasho na maji haviiozeshi. Ile nene kidogo hupita tunduni bila sindano. Lakini inateleza. Lazima ifungwe mara mbili, ikazwe, ncha yake iguswe na moto wa kiberiti mpaka ivimbe na kuwa kidonge kidogo. Kidonge hicho ndicho kinazuia fundo lisifunguke.